Vita vya Kagera vilipiganwa wapi? Namna magazeti na vitabu vyetu vinavyoikata hadithi katikati

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari ya Kanda ya Ziwa, na uzi huu umetokana na swali la mwanafunzi wa kidato cha nne. Nilikuwa nimeandika ubaoni majina ya mahali palipopiganwa mwaka 1979: Mutukula, Masaka, Mbarara, Lukaya, Entebbe, Kampala. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono na kuuliza, “Mwalimu, Lukaya iko wilaya gani?” Nikamrudishia swali, yeye anadhani iko wapi. Akajibu bila kusita kwamba itakuwa Missenyi au Karagwe, kwa sababu vita vilikuwa vya Kagera. Darasa halikucheka. Hakuna aliyeona kosa.

Nimelitafakari jibu hilo kwa wiki kadhaa, na sasa naona kwamba binti yule alisoma jina la vita kama linavyojieleza. Sisi ndio tuliovipa vita hivyo jina la Kagera na kulifundisha jina hilo tangu shule ya msingi, tena tukaupa hata mkoa mzima jina hilo mwaka 1979, ambao hapo awali uliitwa Ziwa Magharibi. Mtoto aliyelisikia jina hilo kila mwaka wa masomo yake ana haki ya kudhani kwamba kila risasi ilifyatuliwa kando ya mto.

Tuhesabu miezi. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuishika ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba ikatangazwa kutoka Kampala kwamba eneo hilo sasa ni sehemu ya Uganda, na siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa ili tusivuke. Novemba hiyohiyo jeshi letu likaanza kurudi ng’ambo ya mto. Mutukula ya upande wa Uganda ilitwaliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, pale Lukaya wakapambana na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin tarehe 10 na 11 Machi, Entebbe ikatwaliwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni askari wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Katika vita vya miezi saba hivi, zaidi ya miezi minne ilipiganwa ndani ya nchi ya watu wengine, na askari wetu wa mwisho hawakuondoka huko mpaka mwaka 1981.

Niseme mapema, kwa kuwa najua jukwaa hili, kwamba sivipingi vita vile. Nina ndugu waliokimbia kutoka Kyaka na godoro moja kichwani. Watu wa ng’ambo ya mto waliuawa, ng’ombe wao wakaswagwa kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari kikaharibiwa, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao ulipaswa kumkemea aliyevamia, ukazitaka pande zote mbili zisimamishe mapigano kana kwamba wote wawili walikuwa wamekosa sawasawa. Kama ningekuwa na umri wa kubeba bunduki wakati ule, ningekwenda. Ninachozungumzia ni namna tulivyosimuliwa. Vitabu na magazeti yetu havikuhitaji kusema uongo mwingi kuhusu vita hivyo. Ilitosha kuchagua mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia.

Mahali pa kuanzia ni Oktoba 1978. Katika kitabu nilichosomea mimi darasa la sita, Amin anatokea kama radi: hajatajwa katika ukurasa wowote uliotangulia, halafu ghafla ni nduli aliyevamia. Neno lenyewe, nduli, limegandamana na jina lake kiasi kwamba wanafunzi wangu wengi hulidhania kuwa ni cheo cha kijeshi. Mmoja aliwahi kuandika katika mtihani “Nduli Idi Amin na Jenerali Msuguri”, kama vile anaorodhesha maofisa wa majeshi mawili. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka tukiimba kwamba Amin akifa hatutalia bali tutamtupa Kagera awe chakula cha mamba, na tuliimba hivyo zaidi ya miaka kumi baada ya yeye kukimbilia uhamishoni, tukiwa watoto ambao hatujawahi kumwona mamba wala kujua Amin alitufanyia nini.

Kilichokosekana katika ukurasa ule ni miaka saba. Amin alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Mwalimu Nyerere alikataa kuitambua serikali mpya na akampokea Obote Dar es Salaam. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote zaidi ya elfu moja walivuka mpaka kutoka Tanzania wakalenga Mbarara na Masaka, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikaja kudondosha mabomu Bukoba. Oktoba mwaka huo Siad Barre, rais wa Somalia, akawapatanisha Amin na Nyerere kwa mapatano ya Mogadishu, ambayo yalizitaka pande zote mbili zirudishe majeshi yao nyuma kutoka mpakani. Mambo haya hayamsafishi Amin hata kidogo. Yanaonyesha tu kwamba mwaka 1978 haukuwa mara ya kwanza watu wenye silaha kuvuka pale Mutukula, na kwamba mara moja walivuka wakitokea kwetu. Mwanafunzi asiyeujua mwaka 1972 hawezi kuelewa kwa nini Amin aliweza kuwashawishi baadhi ya marais wa Afrika kwamba yeye ndiye anayeonewa.

Sasa tutazame vitenzi, kwa sababu Kiswahili chetu kina kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, na zote mbili zimefanya kazi kubwa katika hadithi hii. Upande wa adui, mtendaji yuko wazi: majeshi ya Amin *yaliua*, *yalipora*, *yalilipua* daraja. Tukivuka mpaka, mtendaji anaanza kupotea. Masaka *ilianguka*. Kampala *ilikombolewa*. Amin *aliangushwa*. Ukiuliza Masaka ilianguka kutoka wapi, au ilisukumwa na nani, sentensi haina jibu. Ukweli ni kwamba Masaka ilipigwa kwa mizinga na brigedi zetu, na baada ya kutwaliwa sehemu kubwa ya majengo yake ililipuliwa na askari wetu kwa hasira ya yale waliyoyakuta Kagera. Mbarara nayo haikusalimika. Jambo hilo linajulikana, liliandikwa na waandishi wa kigeni waliofuatana na jeshi letu, na wazee waliopigana hulisimulia wenyewe ukikaa nao vizuri. Sijaliona katika kitabu chochote cha kiada nilichopewa kufundishia.

Kitenzi kingine ninachokipenda, kwa maana ya kukistaajabia, ni *kumfukuza*. Tuliambiwa kwamba jeshi letu lilimfukuza nduli hadi Kampala. Kila mtu aliyewahi kuamshwa usiku na kelele za mwizi anaelewa maana yake: unatoka mbio, mwizi anaruka ua, nawe unaruka, na hakuna anayesimama kufikiri kwamba sasa yumo ndani ya ua wa jirani. Kitenzi hicho kinaufuta uamuzi. Lakini uamuzi ulikuwapo, ulifanywa na watu wazima waliokaa na kupima, kati ya Desemba 1978 na Februari 1979, na ulikuwa mgumu kwa mtu kama Nyerere ambaye mwaka 1964 kule Cairo ndiye aliyelipeleka mbele ya marais wenzake azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Huo ndio moyo wa somo, na ndio tunaowanyima watoto. Tunawapa ushujaa, ambao ni wa kweli, tukaficha mashaka, ambayo nayo yalikuwa ya kweli.

Kuhusu vyombo vya habari vya wakati ule, tukumbuke hali ilivyokuwa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na haingekuwa nayo mpaka mwaka 1994. Magazeti ya kila siku yalikuwa mawili, *Daily News* la serikali na *Uhuru* la chama, na Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyofika vijijini. Mwanzoni mwa Novemba 1978 redio hiyo ndiyo iliyopeleka kila mahali hotuba ya Mwalimu iliyosema kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Mpaka leo mtu akitaka kukuambia kwamba ameazimia jambo, atakutajia vitu hivyo vitatu kwa mpangilio uleule. Ni hotuba nzuri sana, na naifundisha kwa furaha. Ila isikilizeni tena: inahusu kumtoa mvamizi katika ardhi yetu. Kwa kusonga hadi Kampala kulitolewa maelezo mengine, ya taratibu zaidi, ambayo serikali iliyaweka katika kijitabu kilichogawiwa wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi kule Monrovia, Julai 1979. Kijitabu hicho kilisema kwamba kulikuwa na vita viwili: vya Watanzania kumtoa Amin nchini mwao, na vya Waganda wenyewe kumwondoa dikteta wao.

Nadharia ya vita viwili ilikuwa na chembe ya ukweli. Walikuwapo Kikosi Maalum cha kina Tito Okello na David Oyite-Ojok, na walikuwapo wapiganaji wa Yoweri Museveni. Siku Kampala ilipotwaliwa, sauti iliyotangaza kwenye redio ya Uganda kwamba Amin hayuko tena madarakani ilikuwa ya Oyite-Ojok. Lakini Waganda hao walikuwa wachache mno wakilinganishwa na jeshi letu na mgambo wetu, na kila aliyekuwa barabarani aliona ni nani aliyebeba mizinga. Pale Monrovia Jaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliishambulia Tanzania waziwazi kwa kuvuka mpaka, na rais mpya wa Uganda, Godfrey Binaisa, akasimama kuitetea. Malumbano hayo yangeweza kuwa kipindi kizima cha darasani, wanafunzi wakigawanywa pande mbili. Tunayaruka.

Kwa wanaodhani kwamba ni sisi tu, mwaka huohuo ulikuwa na mifano mingine miwili. Vietnam iliingia Cambodia mwishoni mwa Desemba 1978 na kuuteka Phnom Penh tarehe 7 Januari 1979, ikaung’oa utawala wa Pol Pot ambao uliua watu wengi kuliko Amin. Ikasusiwa na kulaaniwa, na kiti cha Umoja wa Mataifa kikabaki kwa waliong’olewa. Septemba 1979 Ufaransa ilipeleka askari wa miamvuli Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kumwondoa mtawala wake Bokassa, mtu iliyemkumbatia miaka yote, na jambo likapita kimyakimya. Tendo lilikuwa la aina moja mara tatu, na majina yakawa matatu: ukombozi, uvamizi, na jambo lisilopewa jina. Jina lilitegemea mhariri anakaa mji gani.

Mahali pa kuishia, katika kitabu cha darasa la sita, ni tarehe 11 Aprili. Aya inayofuata ilihusu mazao ya biashara. Yusuf Lule aliyeapishwa kuwa rais wa Uganda siku mbili baada ya Kampala kutwaliwa hayumo, wala siku 68 alizokaa madarakani, wala watu wa Kampala waliojaa barabarani kupinga kuondolewa kwake, wala Binaisa aliyemfuata na kuondolewa Mei 1980, wala uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote huku askari wetu wakiwa bado nchini humo. Upande wa nyumbani nako, ukurasa hausemi kwamba gharama ya vita inakadiriwa kufika dola milioni 500, kwa nchi ambayo tayari Jumuiya yake ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Wazazi wetu waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Mama yangu alikuwa akisema kwamba mkanda wake haukufunguliwa mpaka alipozaliwa mdogo wangu wa mwisho, na huyo ni wa mwaka 1987.

Nakaribisha michango. Walioona kwa macho wapewe nafasi ya mbele.

Mgambo mstaafu

Mwalimu, nimesoma andiko lako mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nimeona nikujibu kwa utulivu, kwa kuwa umeomba wenyewe tuseme.

Mimi nilikuwa mgambo kutoka Dodoma. Nilijifunza kulenga shabaha kwa wiki chache, nikapanda lori, na kuanzia Mutukula karibu njia yote nilitembea kwa miguu. Unasema kwamba vitabu vinaficha mtendaji. Sawa. Lakini ujue kwamba sisi wenyewe tulikuwa tukifichwa tukiwa tunatenda. Katika kikosi chetu alikuwapo kijana mwenye redio ndogo ya betri, na jioni tulikusanyika kusikiliza taarifa ya habari. Tukiwa ndani kabisa ya Uganda, tope limefika magotini, tukasikia kwamba wapiganaji wa Uganda wanazidi kusonga mbele. Mwenzangu mmoja akaziangalia buti zake, akaniuliza, “Kwani mimi nimeshakuwa Mganda tangu lini?” Tulicheka mpaka sajini akatufokea. Yule aliyeuliza alizikwa siku chache baadaye, na sasa yuko makaburi ya mashujaa ya Kaboya, mkoani Kagera, pamoja na wenzake. Kwa hiyo ukiandika kwamba Waganda ndio waliofanya, hujamfurahisha Mganda wala hujamheshimu aliye Kaboya.

Kuhusu Masaka, ndiyo. Tuliibomoa. Tulikuwa tumepita Kyaka tukaliona kanisa lilivyofanywa, na tuliona maiti ambazo hazikuzikwa. Hasira ile tuliibeba kifuani kutoka mtoni hadi mjini. Sitaki mjukuu wangu asome kwamba tulikwenda kule kugawa maua. Lakini sitaki pia aisome Masaka bila kuisoma Kyaka kwanza.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Mpangilio huo, Kyaka kwanza kisha Masaka, ndio nitakaoufuata darasani. Nilikosea kuanza na vitenzi kabla ya maiti.

Habari ya redio uliyoisimulia inaeleza jambo ambalo nilikuwa nalizunguka tu. Msikilizaji wa Dodoma au wa Lindi angeweza kuamini taarifa ile, kwa kuwa hakuwa na njia ya kuihakiki isipokuwa kwa kufungua Idhaa ya Kiswahili ya BBC au ya Ujerumani, na wengi walifungua kwa sauti ya chini. Mtu pekee aliyejua bila kuhakiki ni yule aliyekuwa ndani ya habari yenyewe, na huyo hakuwa na kipaza sauti.

Msomaji wa Masaka

Ndugu Watanzania, naomba radhi kwa Kiswahili changu, nilikijifunza kwa kufanya biashara Bukoba. Nilikuwa na miaka tisa.

Kwetu hakuna anayesema Vita vya Kagera. Tunasema vita vya ukombozi vya 1979, au tunasema tu “wakati wa Bakombozi”. Bakombozi ndio ninyi. Neno tulilichukua kwenu, tukaliwekea kiambishi chetu cha Kiganda. Walipoingia, mama zetu walitoka na matoke na maziwa, watu walicheza barabarani. Hilo ni kweli na msimruhusu mtu yeyote alifute. Baada ya miezi kadhaa neno lilianza kubadilika ladha mdomoni. Askari anayelala katika nyumba ya watu kwa muda mrefu hukosana nao hata akiwa malaika, na si wote walikuwa malaika. Saa za mkononi zilipotea sana wakati ule. Mpaka leo, mzee wa hapa akiona mtu anaitazama saa yake kwa muda mrefu, humwuliza kwa utani kama yeye ni Mukombozi.

Ila nisiwaonee. Vitabu vyetu navyo vina mkasi wao. Sikukuu yetu ya ukombozi ni tarehe 26 Januari, na inahusu mwaka 1986, waasi wa Museveni walipoingia Kampala. Kwa hiyo mtoto wa hapa akisikia neno ukombozi, anafikiria msitu wa Luweero. Mwaka 1979 umekuwa utangulizi mfupi tu, na Mtanzania aliyekufa Lukaya hapewi hata sentensi nzima. Ninyi mmeikata hadithi mpakani, sisi tumeikata ilipoanza ya wakubwa wetu wa sasa.

Msomaji wa Mombasa

Bwana Mwalimu, naomba niingie kidogo, maana huku Kenya twalijua tatizo hili la majina. Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia, na operesheni hiyo ikaitwa Linda Nchi. Nchi iliyolindwa ni hii, ardhi iliyokanyagwa ni ile. Magazeti yetu ni huru kuliko yenu ya mwaka 1979, yana wahariri wakali, na bado wiki za mwanzo yalijaa picha za vifaru na ramani zenye mishale, kama matangazo ya mechi. Kambi yetu ya El Adde iliposhambuliwa Januari 2016, serikali haikutoa idadi kamili ya waliokufa, na familia zilihesabu maiti kwa kuhudhuria mazishi. Basi nauliza: kama magazeti huru nayo yaliandika hivyo, je, tatizo ni serikali kuvishika vyombo vya habari, au ni sisi wasomaji tunaotaka kusomewa hivyo?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, swali lako limenikalisha chini. Nadhani udhibiti wa serikali unaeleza ya mwaka 1979 kwa sehemu kubwa, lakini hauelezi kwa nini bado tunasimulia vilevile wakati ambapo kuna magazeti mengi, redio kila wilaya na simu kila mfukoni.

Chukua safari nyingine za jeshi letu. Katika miaka ya 1980 tulipeleka maelfu ya askari Msumbiji, kule Zambezia, kuisaidia serikali dhidi ya waasi wa RENAMO. Machi 2008 askari wetu na wa Sudan waliungana na jeshi la Komoro kumng’oa Mohamed Bacar katika kisiwa cha Anjouan, mwaka ambao Rais Kikwete alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Mwaka 2013 tulikuwa sehemu ya kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopewa idhini ya kushambulia mashariki mwa Kongo, na Novemba mwaka huo waasi wa M23 wakashindwa. Anjouan iliandikwa kama ushindi wa siku moja, na baada ya siku hiyo sikuona mwandishi aliyerudi kuuliza wakazi wa kisiwa wanaonaje. Msumbiji haikuandikwa karibu kabisa. Wanafunzi wangu hawajawahi kuisikia, na hata walimu wenzangu wawili waliniuliza kama ninaichanganya na vita vya FRELIMO dhidi ya Wareno. Kuhusu Kongo tulizoea kusikia maneno “kulinda amani”, maneno yasiyokuonyesha bunduki hata moja, mpaka Desemba 2017 kambi ya Semuliki iliposhambuliwa na majeneza yenye bendera yetu yakafika Dar es Salaam. Siku hiyo ndipo watu wengi walipofungua ramani kutafuta Beni iko wapi.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwa nusu. Serikali huchagua jina, lakini jina hudumu kwa sababu linatufaa. “Kagera” linatufaa kwa kuwa linamweka kila Mtanzania upande wa aliyevamiwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata siku ile tulipokuwa tumesimama katikati ya mji wa watu. Mimi mwenyewe, nikiwa nimeandika yote haya, juzi nimejikuta nikiandika ubaoni “Vita vya Kagera, 1978–1979” bila hata kufikiri. Nikaacha vivyo hivyo, kisha nikachora ramani ya Ziwa Victoria kando yake na kumwita yule binti wa dawati la nyuma aje kuiweka Lukaya. Aliiweka mahali pake, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama, akasema, “Kumbe mbali.”

Kuna aliyeniuliza kwa ujumbe wa pembeni iwapo siwaharibii wanafunzi mtihani. Nawafundisha jibu la mtihani, na nawaambia kwamba ndilo jibu la mtihani. Kisha nawapa hotuba ya Novemba 1978, aya chache za kile kijitabu cha serikali, na simulizi ya Mganda mmoja niliyoipata Mutukula, na kazi yao ni kupigia mstari kila kitenzi kisicho na mtendaji. Zoezi hilo wanalipenda kuliko insha.

Mgambo mstaafu

Mwalimu, neno moja tu kwa ndugu yetu wa Masaka, halafu nanyamaza.

Miaka michache iliyopita nilisafiri kwa basi kwenda Kampala kwa matibabu ya macho. Basi likasimama Masaka. Nilishuka kunyoosha miguu, nikamkuta mama mmoja mtu mzima anauza ndizi za kuchoma, nikamsalimu na kuuliza bei kwa Kiganda. Akashangaa, akaniuliza nilijifunzia wapi, maana lafudhi yangu si ya huko. Nikamwambia, “Hapahapa, mwaka 1979.”

Akanitazama kidogo. Akafunga ndizi zangu katika kipande cha gazeti, akanihesabia chenji yangu polepole, shilingi kwa shilingi, na kuniwekea kiganjani. Akaongeza ndizi moja. Mpaka dereva anapiga honi, hakuwa amesema neno lingine, wala mimi sikuwa nimelipata la kusema.